Mahali pa Kiganja cha Dada Yako

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili asubuhi

Mpendwa Shemeji,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani kwako. Je, goti limepata nafuu, au bado linakusumbua kwenye ngazi? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, nafagia. Nyumba ina ukimya mwingi. Redio naiwasha mapema ili nisikie mtu akisema jambo, hata kama anakosea sarufi.

Unaikumbuka kompyuta ya marehemu dada yako, ile ya rangi ya maziwa yenye ganda la vipele kama ngozi ya chungwa? Ilipasuka pembeni nilipoihamisha, nikaipeleka kwa fundi. Aliziba ufa vizuri, kisha kwa wema wake akapiga msasa ganda zima.

"Gusa, mzee," akaniambia. "Nimeutoa uzee wote."

Nikagusa. Lilikuwa laini kama sahani. Nilimshukuru, nikaondoka. Ningemweleza nini?

Wewe utaelewa. Dada yako alizoea kuweka kiganja cha kushoto juu ya ganda akingoja mashine iamke, kama mama apimaye homa ya mtoto. Vipele vya hapo vilisagika, pakabaki ulaini wenye umbo la mkono wake. Tangu atutoke, kila nilipopita niliweka mkono wangu papo hapo. Sasa ganda lote ni laini, na mahali pake pamepotea.

Basi nimeamua kuvirudisha vipele. Jirani yangu, fundi rangi wa magari, amenifundisha: ukipuliza kwa karibu, rangi hutandaa na kulala, ukisimama mbali, matone huanza kukauka hewani, yakatua kama chengachenga. Nilijaribia kwenye kifuniko cha ndoo, naye akinisimamia.

"Rudi nyuma, Mwalimu. Unapuliza rangi, hujipulizii manukato."

Nilicheka, Shemeji, hata sauti yangu ikanishangaza. Kifuniko kimetoka vizuri.

Limebaki ganda lenyewe, nami naogopa. Kabla ya kupuliza, lazima nipafunike mahali pake kwa karatasi ili pabaki laini. Nimeshika kopo la rangi, nikaliweka chini. Sikumbuki kama mkono ulikaa ukingoni au katikati, na kiganja changu ni kipana mno. Nikikosea, nitakuwa nikishika mahali pasipo pake. Wewe uliketi kando yake ukijifunza kupiga chapa, na mlikuwa mkiazimana pete, maana mikono yenu ililingana.

Nilikusudia kukuomba uchore kiganja chako cha kushoto, unitumie. Nimebadili nia. Goti likikuruhusu, usitume karatasi. Uje na mkono wenyewe. Njoo na mumeo. Rangi iliyo koponi haina haraka, na chumba cha wageni nimekwisha kukifagia.

Nisalimie huyo mumeo tuliyezoea kumwita Bwana Taratibu, na mdogo wenu wa mwisho, wewe na marehemu. Mungu awape afya, na awafungulie njia ya kuja.

Akupendaye na kukungoja,
Shemeji yako, Mwalimu