Ua Juu ya Miguu ya Mama

Jumanne, 4 Juni 1991

Mama anakuja Jumamosi na wamama wenzake wa Bondo. Mara ya kwanza kuingia nyumba yetu hapa Migosi — mama mkwe haingii kwa mkwewe ovyo, lazima siku ipangwe. Dorca, dada ya mume wangu Walter, naye atakuwepo. Kwake mgeni huanza na soda na albamu. Mimi picha zangu za arusi bado ziko kwenye bahasha! Nimetoa karatasi za zawadi nilizoweka chini ya godoro — za maua, za mistari, moja ya dhahabu. Nimezipiga pasi, nipambie albamu.

Jumatano, 5 Juni

Ukurasa wa kanisani umependeza. Ila picha ya katikati — mimi na Mama mlangoni, yeye miguu mitupu, matope tele, visigino vimepasuka. Dorca atasema nini? Nimekata ua kubwa jekundu, nimebandika juu ya miguu. Gundi ya mbao ya Walter. Safi kabisa.

Alhamisi, 6 Juni

Najionea aibu. Viatu nilivyovaa pichani ni vya Mama. Changu kilikatika kisigino langoni pa kanisa, akavua vyake, akapiga magoti kwenye matope akanivisha. Na mimi ndiye wa kumficha!

Nimejaribu kulibandua ua kwa mvuke wa birika. Limetoka na ngozi ya picha. Penye miguu sasa ni peupe, na nakala nyingine sina. Nimebandika ua lingine. Walter ameuliza kwa nini nalia, nikasema vitunguu. Albamu nimeitupa juu ya kabati.

Jumamosi, 8 Juni

Nimejificha jikoni, nasingizia kuku. Wamefika na vikapu vyao, sebule imejaa. Mama anawasimulia ile habari ya kisigino. Anajivunia! Dorca haamini — anasema mama ya bibi arusi hawezi kuingia kanisani bila viatu.

"Picha iko," Mama amesema. "Mtaona miguu yangu na macho yenu."

Dorca ameishusha albamu mwenyewe. Nasikia kurasa. Wanasifu karatasi.

Sasa ukurasa wa kanisani.

"Apiyo. Kuja, nyathina, mtoto wangu. Hapa umeweka maua."

Sijaenda. Mama ameita tena. Sauti yake haina hasira hata kidogo — anawaambia wangoje, lazima kuna picha nyingine, mimi ndiye najua nimeiweka wapi.