Saa ya Kuchoma Majani Ihembe

Ihembe, Karagwe,
9 Agosti 1953

Mpendwa kaka Sostenes,

Shikamoo. Hujambo huko Tanga? Wifi na watoto hawajambo? Goti lako limepona? Sisi tu wazima, ila mwanangu Komujuni kifua kinambana tena, kama kila kiangazi.

Barua yako ya kutuita tuhamie kwako nimeisoma mara tatu. Asante, lakini sitaki kuondoka. Kahawa aliyopanda marehemu mume wangu Rwezaura ndiyo kwanza inazaa. Alipokuwa akikohoa alisingizia kiko chake, nami nikakificha juu ya dari bure. Kumbe ulikuwa moshi wa mashamba.

Unakumbuka wanaume wa bonde hili huchoma majani ya shamba jioni, upepo ukitulia, ili moto usirukie migomba. Basi moshi unabaki nasi mpaka kesho yake. Mwezi uliopita nilipanda kilimani alfajiri kutafuta kuni. Huku chini nilitetemeka kwa baridi. Kule juu nikavua shuka, palikuwa na joto! Nikatazama nyuma: moshi wote umelala bondeni, bapa. Hewa ya baridi imekaa chini, ya joto imeifunika, moshi hauna pa kupandia. Jua lilipopasha ardhi, kama saa nne, ukaanza kuinuka.

Nikamwendea mzee Kahigi, anayepanga siku za kuchoma, nikamwomba tuchome saa nne asubuhi badala ya jioni.

“Binti, siku hizi hata moshi una saa ya mkononi?”

“Unayo, baba. Kesho twende kilimani ukaione.”

Alikuja akinung’unika. Kule juu akavua koti, akashuka kidogo, akalivaa, akapanda tena, akalivua. “Kumbe tunajifunika moshi wenyewe,” akasema.

Hofu yake ilikuwa migomba. Nikaahidi kwamba wanawake tutasimama na matawi mabichi na mitungi ya maji, tuchome saa nne, kabla upepo wa mchana haujawa mkali. Jumanne tulichoma hivyo. Moshi ulipanda, ukapita kilima. Mgomba mmoja tu uliungua, wa kwangu.

Ng’ambo ya kijito Gosbert na ndugu zake bado huchoma jioni. Leo baada ya misa nimemwambia nitabisha mlangoni kwake kila alfajiri mpaka apande kilimani nami. Amecheka, lakini ameuliza tutaondoka saa ngapi.

Nisalimie wifi Adelgunda na Yustus mdogo. Mungu awatunze nyote, awape pumzi na amani. Kile kitanda mlichomtengenezea Komujuni, mpeni mtoto mwingine. Chake kiko hapa.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Pulkeria