Kavu au Godoro

Sofia, 6 Mei 2001

Mjomba wangu Strahil,

Shikamoo. Heri ya sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Natumai mwanakondoo ameiva vizuri, goti lako limetulia, na majirani bado wanakuogopa. Huku sisi wazima. Wagonjwa ni wanafunzi wangu tu, maana mtihani wa hesabu ukikaribia darasa zima linaumwa tumbo.

Mjomba, nina shida, na fundi wa baiskeli ni wewe. Mwezi wa saba tunapita Kom mpaka Emine kwa baiskeli, mgongo mzima wa Balkani, kutoka mpakani hadi baharini. Nitaokota jiwe langu Kom na kulitupa baharini kama wanavyofanya wote. Tatizo ni kwamba baiskeli yangu ya zamani haifai tena hata kwenda sokoni. Sasa ninunue ipi? Ile yenye shokapu ya mbele tu, au hizi mpya zenye shokapu mbele na nyuma? Nimeazima moja ya hizi mpya nikaijaribu mlimani Vitosha. Mjomba, nilishuka kwenye mawe kama nimekaa kwenye kochi! Lakini kwenye kupanda ilikuwa inanirusharusha tu, miguu inachoka bure, na ni nzito, wakati kuna sehemu tutabeba baiskeli begani. Kila nikiamua, kesho yake naamua kingine.

Nijibu, lakini usinijibu kwa hasira. Barua nampa dereva wa basi la Teteven, yule mwenye masharubu.

Mpwa wako,
Neda


Teteven, 9 Mei 2001

Neda mwanangu,

Marahaba. Goti halijatulia, mwanakondoo alikuwa mgumu, na majirani wameanza kunizoea. Mwambie mama yako nimemsalimia, na ile mitungi ya pilipili ya kusaga airudishe, anajua ni ipi.

Barua yako niliianza nimesimama nikaimaliza nimekaa. Shokapu nyuma! Wewe, damu ya dada yangu Zlatka! Unakwenda mlimani au unakwenda kulala? Hizo baiskeli mimi naziita godoro. Nguvu yote unayokanyaga inaliwa na springi kabla haijafika kwenye tairi. Halafu hesabu mwenyewe, maana ndiyo kazi yako: viungo vingapi kule nyuma vinacheza, na kila kimoja kinangoja matope. Kikilegea kule juu utamwita nani, mbuzi?

Nunua kavu, ile yenye shokapu ya mbele tu. Kavu nyuma haina kitu cha kuharibika. Itakupiga makalio, sikatai, lakini makalio hupona. Na inakufundisha kuchagua njia kwa macho. Godoro linakufundisha kutojali.

Najua aliyekutia maneno haya. Mtu huyo alisimama kwenye karakana yangu, mbele ya wateja, akasema fremu zangu ziwekwe makumbusho. Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Akanunua godoro jekundu, akalileta hapa kunionyesha. Nikamwambia asikanyage tena mlangoni kwangu, na kwa kuwa amerithi kichwa changu, mwaka wa pili huu hajakanyaga. Usimtaje.

Na usinunue kitu. Nitakutengenezea mwenyewe. Nina mabomba mazuri ya chuma niliyoyachukua kiwanda kilipofungwa, yamesimama ghalani chini ya nyumba, nyuma ya pipa la kabichi ya chumvi, yanasubiri mtu wa maana. Nipe kipimo cha mguu wako, kutoka kinena hadi kisigino, na usijidanganye ili uonekane mrefu.

Mjomba wako,
Strahil


Sofia, 17 Juni 2001

Mjomba wangu,

Shikamoo tena na tena. Natumai hujambo na goti nalo halijambo. Imefika! Dereva aliitoa kwenye buti ya basi imefungwa blanketi, akanikabidhi taratibu utadhani ananipa mtoto mchanga. Ni nzuri, Mjomba. Kijani kile cha jani la mlozi sijui umekipata wapi. Mama ameizunguka mara mbili, akasema kaka yake ni kichaa lakini mikono yake ina akili. Mitungi anasema haijui.

Nimeipanda. Kwenye kupanda inakwenda kama mbuzi. Uchaguzi umekwisha, nitakwenda na kavu yako mpaka baharini.

Tunaanza tarehe tisa Julai. Huko juu simu hakuna, ila kwenye mahizha, zile nyumba za wapanda mlima. Usiwe na wasiwasi.

Mpwa wako anayekupenda,
Neda


Teteven, 12 Julai 2001
Kwa mtunza hizha wa Petrohan, ampe Neda, msichana mwenye baiskeli ya kijani

Neda,

Leo sikuulizi hali. Shuka. Popote barua hii itakapokukuta, shuka kwenye baiskeli hiyo na usiipande tena hata hatua moja.

Unamkumbuka Boyan, tarishi wetu. Mwezi wa tano nilimtengenezea fremu kwa mabomba yaleyale ya kwako. Jana alikuwa anashuka kwenda sokoni, barabara ya lami, hakuna hata jiwe, fremu ikakatika chini ya siti. Ilikatika vipande viwili, Neda! Amevunjika taya. Nimetoka kumwona, amefungwa kichwa kizima, ananitazama tu. Afadhali angenitukana.

Nilichukua kile kipande nikakipasua kwa msumeno. Nje chuma kinang'aa. Ndani kimeliwa, kimebaki kama ganda la yai. Nikakaa chini nikijiuliza chuma cha kiwandani kimeozaje. Halafu nikashuka ghalani, nikaliona pipa.

Kabichi, mwanangu! Majira yote ya baridi nalipulizia pipa hewa kwa mrija ili maji ya chumvi yachanganyike, kama baba yangu, kama kila mwanaume wa mji huu. Yale maji yanaruka. Na mimi, fundi wa miaka yote hii, nilisimamisha mabomba nyuma ya pipa, midomo wazi juu. Yamekunywa chumvi misimu mitatu. Nikayapaka rangi ya kijani nikakupa.

Usiipande. Iache popote, uje kwa basi.

Strahil


Teteven, 14 Julai 2001
Kwa hizha iliyo juu ya Vitinya, ampe Neda

Neda, mwanangu,

Nijibu. Andika neno moja tu, umpe yeyote anayeshuka.

Nimepiga simu kila hizha yenye simu. Petrohan wanasema barua yangu imefika, lakini msichana mwenye baiskeli ya kijani hawajamwona. Nimewauliza mara tatu. Wanasema alipita msichana mmoja tu, na alikuwa na baiskeli nyekundu ya shokapu mbele na nyuma. Nikawaambia huyo siye. Wa Lakatnik nao wamesema hivyohivyo: msichana mmoja, baiskeli nyekundu. Basi wewe uko wapi? Mtu hawezi kupotea kati ya Kom na Petrohan bila kuonekana na hata mchungaji! Isipokuwa yuko bondeni. Nimeiandika hiyo sentensi na sasa siwezi kuifuta.

Waokoaji wa mlimani wameniahidi kutafuta mapito yote ya upande ule. Mama yako sijamwambia. Nimenyanyua simu nikaiweka chini. Nitamwambiaje dada yangu kwamba alinipa mpwa nikampa chuma kilichooza?

Afadhali ungenunua godoro. Umesikia? Mimi Strahil ndiye ninayesema. Afadhali ungenunua godoro.

Mjomba


Hizha, juu ya Vitinya, 15 Julai 2001

Mjomba wangu,

Mimi mzima. Nimeanza na hilo ili upumue. Mimi mzima, sina hata mkwaruzo. Barua yako nimeipata sasa hivi, naandika kwa haraka, nivumilie mwandiko.

Msichana wa baiskeli nyekundu ni mimi.

Na ya kijani anayo Kamen, mwanao. Safari hii ni mimi na yeye tangu mwanzo.

Nilikudanganya, Mjomba. Siku fremu ilipofika, Kamen alikuja kwetu kuiona. Nilifikiri ataicheka. Akapitisha kidole kwenye kila kiungo ulichochomelea, polepole, kimoja baada ya kingine, halafu akatoka akakaa kwenye ngazi. Nikamuuliza, "We, vipi?" Akasema, "Mzee hajanitengenezea hata moja tangu niwe mtu mzima." Nikamwambia, "Si ulisema ziende makumbusho?" Akasema, "Nilisema. Naye si angenizaba kibao yakaisha?" Kesho yake akaja na ile nyekundu yake, akaniomba tubadilishane kwa safari hii tu. Akaniapisha nisiseme. "Akijua nimependa kavu yake, atasema ameshinda." Nami, usinichukie, nilifurahi, maana tangu ile siku ya Vitosha moyo wangu ulikuwa kwenye godoro na nilikuwa naogopa kukwambia.

Sasa sikia. Juzi shokapu yangu ya nyuma ilimwaga mafuta yote, baiskeli imekaa chini kama bata. Nikakwama hapa nikisubiri kipuri. Kamen alikaa na mimi usiku mmoja, jana asubuhi akaniambia atatangulia, tutakutana mbele. Amekwenda peke yake, Mjomba. Njiani siku hizi kila mteremko alikuwa ananiambia nitangulie, nikadhani amenuna.

Simu ya hapa radi imeikata. Mtunza hizha anajaribu redio, hajapata mtu. Barua hii nampa mwenye lori la mkate, ameapa kuifikisha kwako leo hii. Kamen lazima akatize barabara kwenye njia ya Zlatitsa, pale inapovuka mlima, hakuna pengine. Gari unalo. Nenda, Mjomba, nakuomba, nenda sasa hivi.

Mpwa wako, kama bado unanitaka,
Neda


Teteven, 17 Julai 2001

Neda mwanangu,

Natumai umepata usingizi. Mimi bado. Nakuandikia asubuhi hii ili dereva wa mkate akuletee akirudi huko.

Niliposoma "mimi mzima" nilipiga ishara ya msalaba nikamwita Boyan aje tunywe kidogo, yeye kwa mrija. Halafu nikasoma mistari iliyofuata. Sijui niliingiaje garini. Boyan aliingia upande wa pili hajaalikwa, taya limefungwa, akawa ananionyesha kona kwa kidole na kunipiga begani kila nilipozidisha mwendo. Lile gari langu la Moskvich sijawahi kuliendesha hivyo na halitaniruhusu tena.

Pale njia ya Zlatitsa walikuwepo wakata miti na malori yao. Nikawauliza kama wameona kijana na baiskeli ya kijani. Hawajaona. Tukakaa. Usiku ukapita, asubuhi ikaja, nikaanza kupanda mwenyewe na goti langu hili, namwita kwa jina ambalo miaka miwili sijalitamka. Neda, mtu asikwambie kwamba hasira ni kitu. Sikukumbuka hata tuligombania nini.

Mchana nikamwona. Anashuka kwa miguu, baiskeli begani. Na mteremko ule ni laini, nyasi tupu, hata mama yako angeuteremka kwa baiskeli.

Nikapanda kumfuata. Yeye akasimama. Halafu akasema, "Baba, goti lako."

Alikuwa anajua. Siku ya pili tu ya safari aliona rangi imepasuka ufa mwembamba kama unywele chini ya siti, akajua. Tangu hapo alipanda nayo polepole, na kila mteremko akashuka na kuibeba, akikutanguliza wewe ili usione. Mteremko wote wa kwenda mto Iskar ameushuka hivyo. Bega limechubuka mpaka nyama inaonekana. Nikampigia kelele, ndiyo, hapohapo nilimpigia kelele: "We mjinga, kwa nini hukuitupa ukapanda treni?"

Akasema, "Watu wangeuliza ina nini. Ningewaambia nini? Kwamba fremu ya baba imevunjika?"

Neda, kama godoro lake lingevunjika, mimi ningeusimulia mji mzima. Ningesimama sokoni nasimulia kwa mikono. Unanijua. Naye anajua, na bado aliibeba.

Nililia pale barabarani mbele ya wakata miti wote. Boyan alikuwa amenishika mkono. Kamen akawa anahangaika kunituliza, eti, "Baba, viungo ulivyochomelea ni vizima vyote. Nimevikagua kimoja kimoja. Bomba ndilo lililooza." Nikamwambia aingie garini. Akakataa mpaka baiskeli iingie kwanza.

Basi, hali zetu ndizo hizo. Mama yako nimemwambia mwenyewe kwa simu. Amenitukana muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimeitafuta mitungi kwangu mwenyewe. Kumbe ilikuwa hapa, juu ya kabati.

Uliniuliza mwezi wa tano uchague ipi. Sijui, mwanangu. Nilikuwa najua, sasa sijui.

Kamen yuko jikoni anakula supu ya maharage. Kila bakuli likiisha namwongezea, naye anakula.

Mjomba wako,
Strahil