Ndege Iliyokaa Sakafuni

Wichita, Kansas
Jumapili, 20 Oktoba 1996

Mpendwa mdogo wangu Twila,

Hujambo huko Alaska? Kile kifua kimepoa, au bado unatoka nje bila skafu? Sisi tu wazima, ila goti langu la kushoto linanisumbua, na Baba, pamoja na miaka yake themanini na moja, bado hapitwi na ugomvi.

Utasikia kwa watu kwamba jana nilifukuzwa kazi. Ni kweli. Sasa usikie kwangu mwenyewe.

Ile ndege ambayo Baba na wazee wenzake wa kiwandani wameifufua kwa miaka sita pale makumbusho, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitundika darini, juu ya benchi ambako watoto wa shule hula vitafunio vyao. Michoro ilisema ratili 1,460, bila injini. Nikataka tuipime kwanza. Mkurugenzi, Bwana Haldane, akacheka: "Verna, mama yangu, karatasi zipo, mizani ya nini?" Nikaipima hivyo hivyo. Ratili 1,920!

Nikafungua pua ya ndege. Injini nzima imo, inang'aa kama sufuria mpya. Wazee waliirudisha kimyakimya Alhamisi moja nilipokwenda kwa daktari wa goti.

"Baba, mmefanya nini?"

"Ndege bila injini ni sanduku, binti. Mimi sikufufua sanduku."

"Na sanduku lako likiwaangukia watoto?"

Nilimfokea mbele ya wenzake wote, na sijutii. Kamba za chuma za mbele zilipangwa kubeba pua tupu, na boriti ilihitaji vishikizo viwili vipya. Siku kumi za kazi.

Haldane hakutaka kusikia. Jumamosi ni ufunguzi, kamba haikatiki kwa ratili mia nne na ushee, nisijifanye mjuaji. Nikamwambia, "Desturi yetu waning'inizaji unaijua. Anayetia saini kwamba mzigo uko salama hula chakula chake cha mchana chini ya mzigo kabla umma haujaingia. Nikuwekee kiti?" Akasema atatafuta mwingine wa kusaini.

Hapo nikapandwa na mori. Jana, huyo mwingine akiwa hajapatikana na wageni wamejaa, nilipanda ngazi nikawaeleza wazazi kwa nini ndege imekaa sakafuni. Niliposhuka, Haldane alikuwa amenyoosha mkono, uso umemwiva. "Funguo."

Funguo nikampa. Saini sikumpa.

Ndipo Baba akavua beji yake ya kujitolea, akaibwaga mezani. Wazee kumi na mmoja wakafuata, mmoja mmoja. Twila, nililia mbele za watu kama mtoto. Garini Baba akaniambia bado hajanisamehe kwa kumuumbua, na kwamba supu ya jioni nipike mimi.

Leo baada ya kanisa bodi ya makumbusho ilipiga simu. Wanatuomba turudi sote, na siku zangu kumi nitapewa.

Nisalimie shemeji Arvid na umbusu Corinne wangu. Mungu awakinge na baridi hiyo, awape kuni za kutosha na mioyo isiyotishika.

Bodi nimeijibu kwamba sasa ni siku kumi na nne: kumi za kazi, nne za adabu. Wamekubali.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapokuwa mkaidi kunishinda,
Verna