Ile Filamu ya Kikorea, Bila Dijei

Jumatano, 27 Novemba 2024
Mji mzima wa Maua hakuna mtu anajua filamu za Kikorea kunishinda. Hata huko Korea sijui. Nimefunga buchari mapema, sababu ni mke wangu Nelius. Tangu avunjike nyonga hataki kuonekana na watu — na Jumamosi msichana wetu Kawira anaolewa. Mama ndiye humtoa bibi harusi hadi langoni akicheza. Nelius anasema shangazi afanye hiyo kazi. Ati wageni watakuja kuangalia mkongojo.

Alhamisi, 28 Novemba
Kawira ameipata ile filamu kwa simu! Ile ya kinyozi na msichana wa densi. Tuliiona na Nelius tukichumbiana, kwa ukumbi wa video, dijei akitusimulia kwa Kiswahili juu ya sauti zao. Pale msichana anaumia mguu, kinyozi anamwambia: wewe kanyaga viatu vyangu, mimi nitakanyaga ardhi. Wiki hiyo hiyo nikampelekea Nelius hayo maneno. Akanikubali. (Sura pia ilisaidia.) Kesho tunaitazama tena. Atalia, halafu atacheza. Mimi wanawake nawajua, nimetembea hadi Namanga.

Ijumaa, 29 Novemba
Balaa. Hii haina dijei. Kikorea kitupu, na maandishi ya Kiingereza chini yanakimbia kama pikapu za miraa. Mimi niliachia darasa la sita, kwa hivyo Nelius akanisomea. Tukafika pale penyewe. Nikauliza, kinyozi amesema nini?
"Amemwambia ainue kiwiko."
Kiwiko tu? Tukarudisha nyuma. Kiwiko.
Kumbe dijei alijitungia. Miaka yote hii ndoa yangu imesimama juu ya uongo wa dijei. Nelius alicheka mpaka akashika nyonga. Halafu akaniangalia sana.
"Dijei alisema tu, Baba Kawira. Lakini nani amekuwa akinibeba mgongoni hadi choo?"
Nikatoka kukagua kufuli ya buchari. Iko sawa.

Jumamosi, 30 Novemba
Watu wa bwana harusi, wa Embu, wako langoni. Wanawake wetu wanaimba. Kawira amesimama sebuleni na shela yake, hasogei bila mama. Shangazi Cicily ameshajifunga leso. Nelius bado yuko chumbani, amefunga mlango. Mimi niko jikoni na hii kalamu, natafuta cha kumwambia —

Ameniita. Kwa mlango, bila kufungua. Anasema nivue hivi viatu vya harusi, vina ncha. Nivae gambuti za buchari. Hizo ni pana, atakanyaga vizuri.