Maua ya Rael Yaliyokataliwa

Mama,

Naanza bila salamu kwa sababu sijui huko uliko watu wanajuliana hali vipi. Sisi bado tuko hapa shambani juu ya Elburgon, nyumba ile ile ya wafanyakazi. Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje, nikifika nje nasahau nilichofuata. Ndiyo maana nakuandikia.

Ni mambo ya Rael. Ulipotuacha, nyapara hakungoja hata matanga yaishe. Alisimama mlangoni na kofia kichwani akasema nyumba hii ni ya watu watatu wanaofanya kazi, si wawili. Baba akanyamaza, unamjua. Basi mdogo wangu, na miaka yake kumi na minne, akachukua kikapu chako: asubuhi shule, mchana kuchuma maua ya pareto. Majirani walimsifu. Mama Yohana alisema, "Wacha ashike kazi, huyu hatakuwa msichana wa kulala." Nami niliona hivyo hivyo. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu, na alipopata mshahara wa kwanza aliniletea sabuni ya kunukia, akijidai kama mwenye duka. Alianza kutembea kichwa juu. Nani angesema kazi inamharibu?

Kisha wiki iliyopita maua yake yakakataliwa.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba pareto haiguswi mpaka umande ukauke. Rael alichuma alfajiri, ukungu bado umelala, akayashindilia maua kwenye gunia. Kufika mchana yalikuwa yamepata joto na kugeuka rangi ya majani ya chai. Nyapara aliyamwaga chini mbele ya watu wote. Nilimgombeza mtoto njia nzima, nikamwita mvivu, mtu wa kutaka njia za mkato. Tulipofika nyumbani akasema tu, "Dada, mwalimu anafundisha hesabu za mtihani mchana. Nilitaka nimalize mapema nikasome."

Mama, nilikosa pa kuweka macho.

Tangu hapo nazunguka na jambo hili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikimtoa kazini, tunafukuzwa kwenye nyumba. Nikimwacha, mtihani unampita. Wewe ungesema afanye yote mawili, ulikuwa unapenda sana kusema hivyo, lakini siku haina nafasi ya yote hayo. Nilikukasirikia. Ndiyo, nilikukasirikia kwa kuondoka katikati ya msimu, kama vile ulipanga.

Jana nikamwendea nyapara, nikamwambia mistari ya pareto aliyopewa Rael nitaichuma mimi, juu ya yangu. Akacheka. "Una mikono mingapi wewe?" Nikamjibu aje ajionee jioni. Amekubali mpaka mtihani uishe, si zaidi.

Nilidhani Rael atanirukia shingoni. Ndiyo kwanza akanuna! Akasema nataka kumrudisha kuwa mtoto wa kulishwa, na kwamba akiwa shambani hakuna anayemwonea huruma kwa kufiwa. Tulibishana mpaka Baba akafungua mdomo, akasema, "Mpe Jumamosi." Basi Jumamosi ni yake ya kuchuma, na mshahara wa siku hiyo nisiuguse.

Sijui kama nimefanya sawa. Mgongo unaniambia sikufanya. Leo mchana nilikuwa katikati ya pareto, jua kali, nikasikia watoto wa shule wakikariri hesabu kwa sauti. Niliinua kichwa kutafuta sauti yake. Sikuitambua, ilikuwa imechanganyika na za wenzake. Nikainama nikaendelea kuchuma, huku nalia na kucheka.

Kwaheri, Mama. Pumzika, hata kama mimi siwezi. Rael hatatolewa darasani, nakuahidi, na mtihani ukiisha nitagombana na nyapara upya. Usinijie ndotoni kuniuliza nani anachuma mistari yako. Ni mimi.

Binti yako,
Salome