Lemein Alisahihisha Sanduuq Yangu

Mpendwa Shangazi Mukai, naomba unisaidie maana nimemuumiza rafiki. Mimi na Lemein tuko klabu ya kompyuta hapa Kitengela na tunatengeneza tovuti ya shule ili wazazi waione Jumamosi, na yeye huandika kila kisanduku na kila kitufe kwa tagi, akifungua na kufunga alama zake moja moja, lakini mimi nilichoka kurudia nikaandika fanksheni ndogo za JavaScript, yaani unaita jina, unaipa maneno, nayo inakutengenezea kisanduku kizima, na ukitaka rangi nyingine unabadilisha mahali pamoja tu. Lemein alipoona akasema, "Wewe msichana ni mvivu wa maana!" nikafurahi siku nzima.

Shida ni majina. Nyumbani tunaongea Kisomali, kwa hivyo kisanduku nilikiita sanduuq, na kiungo cha kwenda ukurasa mwingine nikakiita albaab, yaani mlango. Juzi nikiwa nimeenda kuswali Lemein akadhani nimekosea kuandika sanduku, na kwa vile ana roho nzuri akanisahihishia kurasa zote, asijue kuna faili nyingine yenye fanksheni yenyewe, basi kompyuta ikapewa jina isilolijua na kila ukurasa ukawa mweupe. Niliporudi nikasema mbele ya klabu, "Nani alikuambia uguse? Kwani hujui kusoma?" Shangazi, mimi huwa siongei hata nikiulizwa, sijui sauti ile ilitoka wapi. Akajibu polepole, "Haya, kaa na sanduku lako," na sasa amemwomba Mwalimu Odero atoe jina lake kwa tovuti. Je, nifute fanksheni zote niandike tagi kama yeye, ili arudi?

J., Kidato cha Tatu

J. mwanangu, usifute kitu! Kompyuta mimi naijulia kuandika barua tu, lakini watu nawajua. Lemein hana ugomvi na fanksheni zako. Alizisifu, hukusikia? Kilichomuuma ni kuambiwa hajui kusoma, mbele ya watu, kwa neno ambalo hukuwahi kumfundisha. Hapo ulikosa, na usijifiche nyuma ya haya yako.

Kesho, mbele ya wale wale waliosikia, mwambie: "Lemein, wewe unajua kusoma. Ni mimi sikukueleza." Ishia hapo, usianze somo la JavaScript. Kisha mpe kibodi. Sanduuq ibaki, maana sasa hataisahau maisha yake yote. Albaab aibadilishe kwa neno la Kimaa, maana jina lake ni la Kimaasai: enkishomi, lango la boma, ama lolote apendalo. Ukurasa ukiwa mweupe tena, funga mdomo, mtafute kosa pamoja. Na Mwalimu Odero asiguse jina la mtu kabla ya hapo.

Akikataa kushika kibodi, andika hilo neno la Kimaa wewe mwenyewe, tena ulikosee kidogo, uliache wazi kwenye skrini. Huyo ninavyomsoma, hatavumilia. Atakuja kukusahihisha.